Chemchemi ya Nyuma ya Nyumba na Hesabu ya Maji ya Mlimani

Nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, kwenye miteremko ya milima ya Poroto mkoani Mbeya, kuna kibonde ambacho tulipokuwa watoto kilikuwa na chemchemi isiyokauka. Haikuwa kubwa, ukiinama na kata ulijaza ndoo kwa subira kidogo, na pembeni yake palikuwa na tope la kudumu ambamo mama alipanda magimbi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita bwana miti akiwa na miche ya bure, akamshauri baba aizungushie chemchemi ile milingoti, yaani mikaratusi, ili chanzo kisije kikafa. Baba alipanda safu nne, akaitunza kama watoto. Miaka kumi na kitu baadaye milingoti ilikuwa imefika juu ya paa la kanisa, magimbi yalikuwa yametoweka, na chemchemi ilianza kukauka kila Septemba, kisha kila Agosti.

Bwana miti yule simlaumu, kwa sababu alisema alichofundishwa, na alichofundishwa ndicho ninachosikia mpaka leo katika kila hafla ya kupanda miti: kwamba mti huleta maji. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa jiografia na nimelifundisha hilo kwa miaka kadhaa kabla sijaanza kulitilia shaka. Ninachoandika hapa ni maelezo ya awali kuhusu namna msitu na maji vinavyohusiana katika nyanda zetu za juu, kwa mtu ambaye ana shamba mlimani, au anakunywa maji yatokayo mlimani, na angependa kuelewa kinachotokea kati ya wingu na bomba.

Mahali pa kuanzia ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo hekta moja inayopata milimita 1,200 kwa mwaka imepokea lita milioni 12, na kila lita lazima iwe imeishia mahali fulani: imerudi hewani, au imetiririka kwenda mtoni, au imebaki ardhini ikisubiri zamu yake. Eneo lote ambalo maji yake hukusanyika na kutokea kwenye kijito kimoja huitwa dakio, na kazi ya mtu anayechunguza maji ya msituni ni kama ya mtunza hazina wa kijiji, yaani kupima kilichoingia na kilichotoka hadi daftari lisome sawasawa.

Msitu una nafasi mbili katika daftari hilo, na tatizo letu ni kwamba tunazungumzia moja tu. Kwanza, msitu hutumia maji, tena mengi. Sehemu ya mvua hunaswa na majani na matawi, ikakauka hukohuko juu bila kugusa udongo. Katika msitu uliofunga vizuri sehemu hiyo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya mvua yote. Kisha mizizi hunyonya maji ardhini na majani huyatoa jasho mchana kutwa, na kwa kuwa mizizi ya miti huenda chini kuliko ya mahindi au ya nyasi, mti huendelea kunywa mwezi wa Septemba wakati nyasi zimekwisha kukauka na zimeacha kunywa kabisa. Kwenye milima yenye ukungu mzito, kama pale juu ya Rungwe ambako matawi yameota ndevu za kuvu na mwani, miti hurudisha kiasi kwa kuchuja ukungu na kuudondosha chini, lakini hilo hutokea kwenye ukanda wa mawingu tu, si kwenye kila kilima kilichopandwa miti.

Pili, msitu hutengeneza udongo, na hapa ndipo utajiri wake ulipo. Chini ya msitu wa asili ardhi imefunikwa na majani yanayooza, imetobolewa na minyoo, mchwa na mizizi iliyokufa, na tone la mvua linapofika chini limekwisha kupoteza nguvu yake ya kupiga. Maji huzama badala ya kukimbia. Kwenye ardhi iliyo uchi matone huupiga udongo, chembe ndogo huziba matundu, utando mgumu hujengeka juu, na mvua iliyostahili kuwa chemchemi ya Oktoba inakuwa mafuriko ya Januari. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei, kwa hiyo kijito kinachotiririka Oktoba hakina mvua ya kukitegemea isipokuwa ile iliyozama miezi mingi kabla yake.

Kwa hiyo msitu hutoza ushuru kwa maji yanayopita mlangoni pake, na papo hapo huyatengenezea njia ya kwenda chini. Iwapo chemchemi itanufaika au itaumia, hilo hutegemea ni kipi kilicho kikubwa mahali husika, ushuru au njia. Hakuna kauli mbiu inayoweza kulijibu hilo kwa Tanzania nzima. Hujibiwa kwa kupima.

Na kupima kuna mtego wake. Baba alipokata milingoti yake hatimaye, maji yalirejea baada ya misimu michache, ingawa si kama zamani, na watu wa kijiji wakakubaliana kwamba milingoti ndiyo iliyokuwa mwizi. Inawezekana. Lakini miaka ile mvua nayo ilikuwa nzuri, na hakuna aliyekuwa na kipimamvua, kwa hiyo nikiwa mkweli siwezi kutenganisha kazi ya panga na kazi ya mawingu. Ndiyo maana wataalamu hutumia madakio pacha: huchagua mabonde madogo mawili yaliyo karibu, yenye udongo, mwinuko na mvua inayofanana, moja likabaki na msitu na jingine likiwa na matumizi mengine ya ardhi, kisha hujenga kwenye kila kijito kizuizi chenye mkato maalumu ambapo kina cha maji hueleza ni lita ngapi zinapita. Mvua ikiongezeka, inaongezeka kwa wote wawili. Tofauti inayobaki ndiyo habari yenyewe.

Jambo ambalo wenyeji wengi wa Mbeya hawalijui, na ambalo kwa maoni yangu lingestahili kufundishwa katika kila sekondari ya mkoa huu, ni kwamba jaribio mojawapo linalotajwa sana duniani katika elimu hii lilifanyika hapahapa, kwenye safu ya milima ya Mbeya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa takriban miaka kumi, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga nchini Kenya, lilipima madakio madogo kwenye miteremko mikali: moja likiwa chini ya msitu wa asili wa kijani kibichi, na jingine likiwa limelimwa na wakulima wadogo. Wengi walitarajia kwamba dakio lililolimwa lingefurika masika na kukauka kiangazi. Haikuwa hivyo. Dakio lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi kwa mwaka, na hata kiangazi kijito chake kilikuwa na maji takriban mara mbili ya kile cha msituni.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilidhani kuna kosa la uchapaji. Maelezo yake, hata hivyo, yako chini ya miguu yetu. Milima hii imefunikwa na majivu ya volkano, udongo mwepesi wenye matundu mengi unaomeza mvua hata ukiwa umelimwa na hata mteremko ukiwa wa kutisha. Kwa kuwa maji yalizama vizuri kwenye madakio yote mawili, njia haikuwa na tofauti kubwa. Kilichobaki kutofautiana kilikuwa ushuru, na ushuru wa msitu ulikuwa mkubwa kuliko wa mahindi.

Sasa, msomaji asikimbilie panga. Shirika hilohilo lilikuwa na madakio mengine Afrika Mashariki, na matokeo yake yanazuia mtu kuchukua ya Mbeya kama amri. Atumatak, huko Karamoja nchini Uganda, ardhi ilikuwa imekanyagwa na kuliwa na mifugo hadi ikawa ngumu kama sakafu, na mvua ilipokuja ilikimbia juu ya ardhi ikiwa na tope. Kericho, nchini Kenya, msitu uliondolewa ukapandwa chai kwa uangalifu mkubwa wa matuta na mifereji ya kupokea maji, na mto haukuonyesha kuharibika kwa muda mrefu, jambo ambalo watu wa Mufindi na Rungwe wenye mashamba ya chai wanaweza kulitafakari. Katika sehemu zote tatu kilichoamua hatima ya maji ni hali ya uso wa udongo kuliko jina la mmea uliosimama juu yake.

Isitoshe, dakio la Mbeya lilikuwa na mashamba madogo yaliyolimwa kwa jembe la mkono. Halikuwa na barabara ya changarawe inayoshuka mlima moja kwa moja, wala mapaa ya mabati mamia kwa mamia, wala njia za ng'ombe, wala machimbo ya mchanga. Anayepanda leo kutoka mjini kuelekea Loleza ataona vitu hivyo vyote, na ataona pia rangi ya maji ya mito midogo ya jiji baada ya mvua ya dakika ishirini. Wingi wa maji ni jambo moja; tope lililomo, na kasi yanayoshuka nayo, ni mambo mengine, na kwa hayo mawili msitu wa asili haujapata mpinzani. Hata udongo wa majivu ukichimbuliwa bila kinga huteremka kwa wingi kila masika.

Wazee wetu walilielewa hili bila vizuizi vya kupimia. Wamatengo wa Mbinga, ambao wanaishi kwenye miteremko ambayo mgeni angeogopa kuipanda kwa miguu, wana kilimo chao cha ngoro: hufyeka nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana kama wavu, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi hizo. Mlima mzima unageuka kuwa mashimo yaliyozungukwa na kingo za mboji. Mazao huota juu ya kingo, mvua hutuama shimoni na kuzama, na udongo unaosombwa haufiki mbali zaidi ya shimo linalofuata. Sijaona mpango wowote wa kuzuia mmomonyoko uliobuniwa ofisini ambao umedumu kama huu, na sababu moja ni kwamba hauhitaji mtu aache kulima.

Nirudi kwenye milingoti, kwa kuwa ndiyo iliyonitia katika habari hii. Mwaka 1982 wachunguzi wawili, Bosch na Hewlett, walikusanya matokeo ya madakio 94 ya sehemu mbalimbali za dunia, wakaona kwamba kwa misindano (mipaina) na milingoti kila asilimia 10 ya dakio inayofunikwa hupunguza maji ya mwaka kwa takriban milimita 40. Ni wastani, wenye tofauti kubwa kati ya mahali na mahali, lakini mwelekeo haukuwa na utata. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Mokobulaan nchini Afrika Kusini, ambako dakio la nyasi lilipandwa milingoti mwaka 1969: katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Milingoti ile ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16, na hata hivyo kijito hakikurudia kutiririka mwaka mzima mpaka ilipopita takriban miaka mingine mitano, kwa sababu mizizi ilikuwa imekwisha kuchimba na kukausha akiba ya chini kabisa, na akiba hiyo ilibidi ijae kwanza. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka chemchemi ya baba, iliyochukua misimu kadhaa kabla ya kulowa tena. Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 ililichukulia jambo hili kwa uzito: shamba la miti ya biashara linahesabiwa kuwa shughuli inayopunguza maji ya mto, na mwenye kutaka kupanda lazima aombe kibali.

Sisi tumefanya nini? Mufindi kuna Shamba la Miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, na kulizunguka, mpaka Njombe na Makete, maelfu ya watu wamepanda misindano na milingoti kwenye vilima vilivyokuwa vya nyasi. Sina ugomvi na misindano. Imejenga nyumba za bati, imelipa ada, na kwa mkulima wa Makete hakuna benki inayomwamini kama shamba lake la misindano linavyomwamini. Ugomvi wangu ni na kauli kwamba kilima cha nyasi ni kilima kitupu kinachosubiri miti ili kizae maji. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ni nyasi na maua kwenye kimo cha takriban mita 2,600, na katika nyanda hizo za Kitulo, Kipengere na Poroto ndimo vinamochipuka vijito vya mto Ruaha Mkuu. Nyasi zile hulala kiangazi, hazinywi, na udongo wake mweusi huachilia maji polepole. Anayetaka kuuokoa Ruaha kwa kupanda miti Kitulo angekuwa anaongeza mnywaji mezani.

Habari ya Ruaha, kwa kweli, inaonyesha kwa nini kusimamia dakio hakuishii msituni. Mbeya imekaa juu ya kipaa cha maji: mvua inayoanguka upande mmoja wa Poroto hushuka Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu, Rufiji na Bahari ya Hindi, ya upande wa Rungwe hushuka kwa mto Kiwira mpaka Ziwa Nyasa, na kutoka huko Zambezi, ya kaskazini-magharibi huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ilhali uwanda wa Usangu, ambao si mbali kwa basi, hupata chini ya nusu ya hizo. Kwa hiyo Usangu huishi kwa maji ya milimani, yaletwayo na Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine, na mpunga wote unaousikia ukisifiwa sokoni umenyweshwa na mvua iliyonyesha kwingine.

Mito hiyo hukusanyika katika oevu la Ihefu, ambalo mlango wake ni mwamba uliolala mtoni pale Ng'iriama, kama kizingiti cha nyumba. Maji ya oevu yakiwa juu ya kizingiti, mto unaendelea kupitia Hifadhi ya Ruaha hadi bwawa la Mtera; yakishuka chini yake hata kwa upana wa kiganja, hakuna kinachopita, hata kama nyuma ya mwamba kuna maji ekari kwa ekari. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, viboko wakibanana katika madimbwi. Watu wa mlimani walilaumiwa kwa kukata miti, wafugaji wakalaumiwa kwa ng'ombe, na wafugaji wengi wakaondolewa Usangu mwaka 2006. Mimi naona kwamba kiini kilikuwa mifereji: mashamba ya mpunga yalipanuka sana katika miongo iliyotangulia, na mifereji iliendelea kuchukua maji ya mto hata miezi ambayo mpunga umekwisha kuvunwa, mengine yakitumika majumbani na mengine yakipotea kwenye mchanga. Maji ya Agosti ni machache, kwa hiyo mfereji mmoja uliosahauliwa wazi Agosti una uzito kuliko kumi iliyo wazi Februari.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaiweka nchi katika mabonde tisa na kutambua jumuiya za watumia maji, ambazo nikiulizwa nitasema ndizo zenye tumaini kubwa zaidi, kwa kuwa anayefunga lango la mfereji kwa zamu ni jirani anayejulikana kwa jina. Mita 60 zenyewe ni kipimo kimoja kwa nchi nzima, kwa tambarare na kwa bonde lenye upana wa hatua 30. Huko Iringa na Njombe zinakutana uso kwa uso na vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo hulimwa kiangazi, ambapo familia hupata mahindi mabichi na mboga wakati ghala limebaki vumbi. Kinyungu kilicholimwa kwa matuta bila kuchimba mtaro wa kutoa maji si sawa na kinyungu kilichokaushwa kwa mtaro mpana, na kuviadhibu vyote kwa kipimo kilekile kumewafanya watu walime usiku.

Mwaka huu, baada ya baba kunikabidhi eneo la chemchemi, nimeng'oa machipukizi ya milingoti kwa mara ya nne, maana mlingoti ukikatwa haukubali kwamba umekufa. Kuzunguka tope nimepanda mikuyu na mivengi, miti yetu ya asili, na juu ya hapo nimeacha nyasi ziote zenyewe. Kila Jumamosi huweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la mwanzi na kuhesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kipimamvua kimesimama uwanjani, na baba ndiye anayekisoma saa tatu kila asubuhi na kuandika kwenye daftari lililokuwa la mauzo ya viazi.

Ng'ambo ya kilima kuna kibonde cha jirani, cha ukubwa uleule, na milingoti yake bado imesimama. Nilikwenda kumwomba ruhusa nipime na kijito chake, nikamweleza habari ya pacha kwa urefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pima tu, Mwalimu," akasema, "ila ukigundua kwamba miti yangu inakunywa, niambie mimi kwanza kabla hujamwambia mwenyekiti wa kitongoji."